Pea moja mbovu: ninavyotengeneza betri za drili za volti 18

Betri nyingi za drili zinazoletwa mezani kwangu Mwanjelwa, Mbeya, kwa jina la "imekufa" huwa hazijafa zote. Ndani ya betri ya volti 18 mna seli 5 zilizofuatana, au seli 10 zilizopangwa pea tano, yaani mbilimbili zilizounganishwa ubavu kwa ubavu, na mara nyingi pea moja ndiyo iliyoziangusha nyingine nne. Kazi yenyewe ni kuijua hiyo pea, kujua kilichoiua, kisha kuamua kama zilizobaki bado zinastahili kuachwa. Uamuzi huo wa mwisho ndio mafundi wengi wanauruka, na ndio unaorudisha betri ileile mezani baada ya mwezi.

Kwanza hesabu seli, usisome stika. Sokoni zimejaa betri zilizoandikwa 21V, 48V, hata 88V, na ukizifungua nyingi zina seli tano tu. Seli moja ya lithiamu ina volti 3.6 za kawaida na 4.2 ikijaa, kwa hiyo tano ni volti 18, na zikijaa ni 21. Hata ile iliyoandikwa 20V ni tano hizohizo.

Nieleze kwa betri moja ya ampea-saa 4, ya fundi wa kuezeka. Drili ilizunguka vizuri hewani, lakini skrubu ya bati ikigusa mbao, inakata. Nilifungua skrubu nne za torx T10, zile zenye tundu katikati (bisibisi ya kawaida itaziharibu vichwa), nikavua saa ya mkononi, nikapima kila pea kwa multimita kuanzia upande wa hasi: 3.71, 3.72, 3.70, 3.11, 3.71. Pea ya nne ilijitaja yenyewe.

Volti peke yake haitoshi. Natumia rezista ya ohm 1 ya wati 10. Nachaji pea mpaka karibu 4.1, naiunganisha na rezista kwa sekunde tano, sizidishi kwa sababu inapata moto haraka, huku pini za multimita zikiwa kwenye seli zenyewe na si kwenye waya wa rezista. Hapo zinapita ampea 4 hivi. Pea isiyo na kasoro hushuka kwa volti 0.05 hadi 0.08. Ile ya nne ilishuka 0.24. Gawanya kwa 4: ukinzani wake wa ndani ni miliohm 60. Sasa drili ikivuta ampea 20 kwenye mbao ngumu, pea hiyo peke yake inapoteza volti 1.2, inashuka chini ya 2.5, na ulinzi unakata. Hewani drili haivuti hata robo ya hapo, ndiyo maana inazunguka bila shida.

Mteja akaniambia, "Fundi, wewe badilisha hiyo mbovu tu." Namwelewa, hela ni ngumu. Lakini nyingine nne nazo zilishuka 0.13 mpaka 0.15, maana yake zimechoka nusu ya njia. Ukiweka pea mpya katikati ya wazee, wazee wanaisha mapema na kuvutwa chini sana, wakati mpya bado ina chaji. Nikamjibu, "Kaka, ya mbovu tu nitakufanyia, ila hutaimaliza nyumba ya pili." Kanuni yangu: kama zilizobaki zinashuka chini ya 0.08 na betri haina mwaka, nabadilisha pea moja. Zaidi ya hapo ni zote kumi, au naacha.

Kuna wakati seli zote ni nzima na kilichokosekana ni usawa wa chaji kati ya pea. Bodi nyingi za betri za drili, yaani kile kibao cha saketi kilicho ndani ya betri, hazisawazishi seli wakati wa kuchaji, na baadhi hunyonya umeme wake kutoka pea moja tu, hivyo betri ikikaa miezi stoo pea hiyo inashuka peke yake. Hiyo naichaji yenyewe kwa kibodi kidogo cha TP4056, cha volti 5 kuingia na 4.2 kutoka, ampea 1. Kikikuta seli iko chini ya volti 2.9 kinaanza taratibu kwa sehemu ya kumi ya mkondo, na ndivyo inavyotakiwa. Nikishasawazisha, naiacha wiki mbili mezani. Pea ikishuka zaidi ya wenzake kwa volti 0.05, inavuja ndani, na hakuna dawa. Iliyokutwa chini ya volti 1.5 kwa muda mrefu siichaji kabisa. Shaba ya ndani huwa imeyeyuka, na ukichaji inajijenga upya mahali pasipostahili na kupiga shoti ndani ya seli. Hiyo ndiyo inayowaka usiku watu wamelala.

Kununua seli ndiko kwenye mitego. Usiweke seli za laptopu. Zile zimeundwa kutoa ampea 4 au 5, na drili itazichemsha. Tafuta 18650 (seli za duara za milimita 18 kwa 65) za mkondo mkubwa: Samsung 25R ni mAh (miliampea-saa) 2500 na ampea 20, 30Q ni mAh 3000 na ampea 15. Ukiuziwa 18650 iliyoandikwa mAh 9800, rudisha, seli ya ukubwa huo yenye uwezo huo haipo. Mizani ndogo ya dhahabu inasaidia pia: ya kweli ina gramu 45 hivi, feki nyingi ni nyepesi waziwazi. Kabla ya kuzipanga pea, hakikisha seli mbili hazipishani zaidi ya volti 0.02, la sivyo moja inaimwagia nyingine mkondo mkubwa papo hapo.

Utepe wa nikeli unaounganisha seli nao una feki yake, chuma kilichopakwa nikeli. Sumaku haikusaidii kwa sababu nikeli halisi nayo inavutwa. Kikwaruze kipande, kiloweke kwenye maji ya chumvi usiku kucha. Kikiota kutu asubuhi, ni chuma, ukinzani wake ni mkubwa na kitapata moto. Natumia milimita 0.15 kwa 8, tabaka mbili kati ya pea na pea.

Kutoa utepe wa zamani: kata kwanza viungo kati ya pea ili volti zishuke, kisha uviringishe utepe kwa plaizi kama unafungua kopo la samaki. Ukiuvuta juu moja kwa moja upande wa chanya unaweza kung'oa kofia ya seli. Kwenye chanya ya kila seli mpya naweka pete ya karatasi ya kuhami, maana ukingo unaoizunguka ni hasi, na kinachotenganisha ni plastiki nyembamba kama ganda la kitunguu.

Usichomee risasi moja kwa moja kwenye seli. Joto la pasi linaharibu mpira wa kuzibia na utando wa ndani. Mashine ndogo ya kuchomelea kwa pointi inatosha, lakini ijaribu kwanza kwenye seli iliyokufa. Utepe ukiuvuta kwa plaizi uchanike na kuacha vipande vimeshika kwenye seli, hiyo ni nzuri. Ukibanduka mzima, ongeza nguvu. Naweka pointi sita kila upande wa seli. Waya za kupimia, zinazoipelekea bodi volti ya kila pea, nazichomea risasi kwenye utepe kabla haujakaa kwenye seli, au kwenye ncha yake iliyo mbali.

Kabla ya kurudisha bodi, pima kutoka hasi kwenda juu: 3.6, 7.2, 10.8, 14.4, 18, kwa kadiri ya chaji iliyopo. Waya mbili zikipishana hapa, bodi inaungua kabla hujaondoa mkono. Kitambuzi cha joto kirudishe katikati ya seli, si pembeni. Nyingi ni za kiloohm 10 kwenye nyuzi 25. Kikikatika, chaja inakataa na utadhani seli ndizo mbovu. Bodi yenye ukoga wa kijani kwa sababu ya mvua nasugua kwa spiriti na mswaki. Nyingine hujifunga zenyewe baada ya chaja kukataa mara kadhaa, na hizo hata uweke seli mpya hazifunguki mpaka ubadilishe bodi.

Mwisho najaza, nikitaka pea zote ziwe ndani ya volti 0.03, halafu naimaliza kwa taa mbili za gari za volti 12, wati 21, zilizofuatana. Zinavuta ampea 1.5 hivi. Ile betri ya fundi wa kuezeka, ikiwa na seli mpya za mAh 2500, ilikaa saa 3 na dakika 10 mpaka volti 15, yaani ampea-saa 4.75. Usiondoke hapo, kwa sababu betri nyingi zinategemea drili ndiyo ikate, na taa haina akili hiyo.

Kwa wateja wa Njombe na Makete naongeza neno moja: asubuhi za Juni na Julai, betri iliyolala nje kwenye baridi ilete ndani ipate joto la chumba kabla ya kuchaji. Chini ya nyuzi 0 lithiamu inaganda juu ya sahani badala ya kuingia ndani yake, na uwezo unaopotea hapo haurudi.

Seli kumi zilizotoka nazifunga gundi ya karatasi ncha zote mbili na kuzifukia kwenye debe la mchanga nje ya banda. Jalalani sipeleki, kwa kuwa takataka zetu huchomwa moto.