Mwewe wa sebuleni aliyeanza kama kuku

Ukuta wa sebule yetu hapa Umoja ulikaa mtupu miaka 3, umepakwa ile krimu ya kila ploti, na mimi nikachoka kuuangalia. Nikaamua nitachora mwewe, si wa kufanana na picha ya kamera, ni yule wa mistari iliyonyooka na pembetatu tupu, rangi tatu pekee, nyeusi, kahawia na njano ya mdomo. Kwa nini mwewe? Si ndiye ndege wetu sisi watu wa Nairobi, kutwa anazunguka juu ya bucha na jalala, na mimi nikiwa darasa la tatu alininyang'anya mandazi mkononi saa ya breki, mpaka leo sijamsamehe. Jirani akaniambia bora nichore wale makorongo wa Nyayo Stadium, nikamwambia zii, na sura ile nitakula aje?

Landilodi nilimpigia kwanza. Akasema sawa bora siku ya kuhama nirudishe krimu yake.

Sasa kuchora kwa macho tu sijui, kwa hivyo nilichora mwewe kwa karatasi nikaigawa miraba ya sentimita 2, halafu ukutani nikapiga na penseli miraba ya sentimita 20, chochote kiko kwa mraba mdogo unakihamishia kwa mkubwa, mabawa yakatoka kama mita 2 hivi. Kwa mkia, nilipanda hadi juu kwenye kamba za nguo nikawaangalia mwewe wenyewe wakipita, ncha yake imeingia ndani katikati kama umekatwa na mkasi, na akitaka kukata kona anaupinda kama usukani.

Rangi ndio ilinitesa. Ukuta ulikuwa na ile ya kung'aa, nami nikapaka juu yake hivyo hivyo, nikabandika masking tepu mistari inyooke na nikalala. Asubuhi navuta tepu, bawa zima linakuja nayo kama utando wa maziwa! Yule mzee wa hadiweya alinicheka kwanza ndio akaniuzia msasa na andakoti, ile rangi ya chini inayotangulia, akasema ukuta wa kung'aa lazima uukwaruze ndio rangi ishike, na tepu usingoje ikauke kabisa, vuta rangi ikiwa bado mbichi mbichi. Nikaanza upya.

Jumapili nikamaliza na jicho, duara safi, na kadoa ka mwanga ndani. Kabinti kangu kakasimama hapo kakauliza, "Baba, kwani hii ni kuku?" Na haki ya nani alikuwa kuku. Kuku mwenye mabawa ya mita 2.

Siku mbili nzima nikaangalia picha za tai kwa simu hadi nikagundua, ndege wa kuwinda ana mfupa umetokeza juu ya jicho kama nyusi, huo ndio unampa ile sura ya hasira hata akiwa ametulia zake. Wa mwewe si mkubwa kama wa tai lakini ukuta ni wangu, nikauzidisha. Nikabandika tepu mstari mmoja ukiteremka kuelekea mdomo, ukate ile duara juu, nikapaka nyeusi, nikavuta ikiwa mbichi. Dakika 10.

Jioni binti akaja kula. Hakusema kitu, aliangalia ukuta tu, akachukua sahani yake ya chapati akahamia upande ule mwingine wa meza.