Mashine namba saba

Mwaka 2012 tulikuwa watatu, na ofisi yetu ilikuwa chumba cha nyuma cha duka la fotokopi, Morogoro mjini. Kazi yenyewe ya kujitolea: kuandaa sidii moja ya mfumo endeshi, iliyojengwa juu ya Debian, mfumo wa bure wa familia ya Linux, yenye kila kitu ambacho maabara ya shule isiyo na intaneti ingehitaji. Sidii moja tu, megabaiti 700, basi. Kompyuta za shule zilikuwa mtumba. Nyingi hazikusoma DVD, na nyingine ukizichomekea flashi zilikutazama tu.

Toleo letu la kwanza lilisimama juu ya Squeeze, yaani Debian 6 ya Februari 2011, iliyokuja na GNOME 2.30 kama eneokazi, yaani ile sura ya menyu na madirisha unayoiona mashine ikishawaka. Walimu waliizoea. Tuliwatengenezea na kijitabu cha kurasa 12, picha zake zimefifia kwa fotokopi, na ukurasa wa nne ulieleza jinsi ya kubofya kitufe cha kulia juu ya paneli, ule ukanda wa ukingoni mwa skrini, ili kuongeza unachotaka. Ukurasa huo niliuandika mimi. Uweke akilini.

Tarehe 30 Juni Debian wakagandisha Wheezy, toleo la kufuata Squeeze. Toleo likishagandishwa, vitu vipya haviingii tena. Kinachobaki ni kuondoa kasoro hadi litoke. Aliyewahi kawahi. Ndani yalikuwamo maeneokazi ya kuchagua: GNOME 3.4, KDE 4.8 na Xfce 4.8. GNOME 2 ilikuwa imekwenda zake. Nasi tulikuwa na kalenda yetu: shule zinafungua Januari, na Wheezy haikuwa na tarehe. Ilibidi tuchague eneokazi wakati ule ule, tujenge juu ya kitu ambacho hakijatangazwa rasmi, tukitumaini kwamba kilichogandishwa kitabaki kilivyo.

Nikachukua kaunta buku, nikapiga mistari: jina, toleo, ukubwa kwenye sidii, memori, nani atairekebisha. KDE ilifutwa siku hiyohiyo. Tuliiwasha kwenye mashine ya megabaiti 512, tukaenda kunywa chai, tukarudi bado inajikusanya.

Mimi nilikuwa GNOME damu. Laptopu yangu ilikuwa nayo na niliiona kama nyumba mpya, rangi haijakauka. Mwenzangu mmoja alikuwa wa Xfce, ila naye alikuwa na ugonjwa wake: alitaka 4.10. Ilitoka mwisho wa Aprili, ikachelewa kuingia Wheezy, na yeye hilo hakulisamehe.

"4.8 ni ya Januari mwaka jana," alisema. "Tuwapelekee walimu kiporo?"

"Kiporo hakiunguzi mdomo," akajibu wa tatu wetu, dada aliyekuwa akishughulikia uchomaji wa sidii na ambaye kwa kawaida hakuongea sana.

Ubishi huo ulikula wiki nzima. Kuichukua 4.10 kulimaanisha kuitoa kwenye hazina ya majaribio ya Debian na kuibandika juu ya vitu vilivyojengewa 4.8. Siku tundu la usalama likipatikana, Debian wangeziba la 4.8, la kwetu tungeliziba sisi, watu watatu wenye modemu moja ya kugombania. Ile safu ya "nani atairekebisha" kwenye kaunta buku ilibaki tupu mbele ya 4.10, na hakuna aliyekuwa na ujasiri wa kuandika jina lake pale.

Jumamosi moja ya Julai tukaenda kujaribu kwenye shule mojawapo. Mwalimu wa maabara alikuwa mama wa makamo, kanga kiunoni. Shikamoo mama, marahaba wanangu, akatuonyesha mashine namba saba, Pentium 4 ambayo ndiyo ilikuwa mbovu kuliko zote. Nilitaka nyingine. Akakataa.

Nikasakinisha GNOME 3.4. Kadi ya picha ilikuwa kongwe, ile sura mpya niliyoisifia njia nzima haikuweza kuchorwa, mfumo ukaangukia sura ya akiba, yenye paneli juu na chini. Nikashukuru kimoyomoyo. "Unaona mama, kama ile ya zamani tu."

Akafungua kijitabu ukurasa wa nne. Akabofya kitufe cha kulia juu ya paneli. Kimya. Akabofya tena. Akakigeuza kipanya, akafungua kifuniko cha chini, akatoa kile kidude cha mviringo, akakifuta kwa pindo la kanga, akapuliza ndani, akakirudisha. Akabofya. Kimya.

"Inabidi ushikilie Alt kwanza," nikasema.

"Imeandikwa wapi?"

Haikuandikwa popote. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeijua siku mbili kabla. Akanitazama juu ya miwani. "Nina watoto sitini humu, mwanangu. Nikamshikishe kila mmoja Alt?"

Tukasakinisha Xfce 4.8. Akabofya, menyu ikafunguka, akaongeza saa, akasogeza kiti nyuma. Mwenzangu hakusema neno kuhusu 4.10, na mpaka leo hajalitaja. Luku ikaisha tukiwa bado tunafungasha.

Agosti, usiku, simu ya yule mwenzangu wa Xfce: "Umesikia? Debian wenyewe wameweka Xfce iwe chaguo la kwanza!" Kweli, walibadilisha kwa sababu ile ile ya ukubwa, GNOME ilikuwa inasumbua kuenea kwenye sidii ya kwanza. Alicheka mpaka salio likakata. Baadaye wakarudisha GNOME, na Wheezy ilipotoka tarehe 4 Mei 2013 ilikuwa nayo mbele. Nilimpigia na mimi. Lakini sura ya akiba ilikuwa imeshatolewa kwenye GNOME 3.8 ya Machi, kwa hiyo hata ningeshinda kura, ningekuwa nimewapa walimu kitu kisicho na kesho, na niliambiwa hivyo kwa sauti kubwa.

Sidii zetu zilikuwa zimeshafika shuleni tangu Januari, ukurasa wa nne ukiwa haujaguswa hata herufi. Wiki ya kwanza mama akapiga.

"Hii kitu inafanya kazi. Ila mbona mmeniwekea panya kwenye kona?"

Nikamweleza kuwa ni nembo ya Xfce.

"Panya ninao wa kutosha stoo," akasema. "Watoto wameshaibatiza. Wakiingia tu, 'Mwalimu, leo tunawasha ya panya?'"