Siku moja maishani mwangu: nesi wa utafiti na mguu wa baridi

Saa 12 asubuhi. Nipo Ohio, ni nesi wa utafiti kitengo cha mishipa ya damu. Tunafuatilia wagonjwa waliovutwa donge la damu kwenye ateri ya mguu (mshipa unaoleta damu mguuni) kwa katheta, yaani mrija mwembamba, yenye pampu. Chai, imeili, kuna fomu ina tarehe iliyokosewa, nikarekebisha fasta.

Saa 2. Simu za siku ya 30 baada ya matibabu. Maswali ni mengi ila kubwa ni moja tu, mguu upo, haujakatwa? Kuna simu unapiga mkono unatetemeka. Leo watatu wote wanatembea, Mungu ashukuriwe.

Saa 4 na robo. Emajensi wananiita. Mzee wa miaka 71, mguu wa kushoto umemshika ghafla tu alfajiri. Nikaupapasa, goti lina joto, ukishuka katikati ya muundi baridi inaanza kama umevuka mpaka, unyayo mweupe kama nta, vidole vina ganzi ila kifundo bado anakichezesha. Doppla, kile kifaa cha kusikilizia damu ikipita, kimya. Moyo wake unapiga bila mpangilio, damu ikatuama humo ikaganda, kipande kikachomoka kikaenda kuziba huko chini. Heparini, dawa ya kuzuia damu isigande zaidi, walishamuanzishia, maana msuli ukikosa damu kama masaa 6 unaanza kufa.

Sasa hapa ndo kazi yangu ilipo. Mtu ana maumivu makali, mkewe analia, halafu mimi naingia na karatasi. Huwa navuta kiti nakaa, sisimami juu ya mgonjwa. Nikamwambia tiba yako daktari ameshaamua na utaipata hata ukikataa utafiti, sisi tunaomba kukufuatilia tu. Akaniuliza, mnanifanyia majaribio? Ana haki kabisa ya kuuliza, nikamweleza tena taratibu kisha nikamwomba anirudishie kwa maneno yake. Mtu akisaini ili tu nimwondokee, mimi hiyo ridhaa siihesabu. Akasaini, na muda wote huo chumba kilikuwa kinaandaliwa, hatukumchelewesha hata dakika.

Saa 5 na nusu. Katheta imepitia kinena cha kulia ikavuka kwenda kushoto, pampu ikavuta, donge likatoka, jeusi, refu kama kidole cha mwisho. Kabla ya pampu kulikuwa na puto: daktari Thomas Fogarty wa hapahapa Ohio, Cincinnati, alifunga ncha ya kidole cha glavu kwenye mrija mwembamba kwa mafundo ya wavuvi, akapata puto la kukokotea donge, akalichapisha 1963 na mpaka leo linatumika. Majaribio ya miaka ya 1990 yalilinganisha upasuaji na dawa za kuyeyusha donge, zile dawa zikaonekana kuleta damu kuvuja zaidi, wengine hata kichwani. Ndiyo maana nahangaika na data za hii pampu, nataka tujue nani inamfaa na nani hapana.

Saa 9. Doppla juu ya unyayo, fwuu, fwuu. Nikachora X kwa kalamu pale sauti inaposikika, mkewe akaufunika mguu kwa viganja viwili akanyamaza.

Saa 12 jioni. Data nimeingiza, manesi wa usiku nimewaonyesha ile X wasikilize kila saa, na shavu la mguu walibonye kama linakazana, damu ikirudi msuli huweza kuvimba. Simu yake ya siku ya 30 nimeshaiandika kwenye kalenda.