Kupunguza jikleri: pikipiki yangu na mlima wa Kadutu

Jumamosi nimepanda mlima wa kwetu, hapa Kadutu, kwa sekunde 31. Mwezi uliopita zilikuwa 38. Naandika yote niliyofanya kabla sijasahau, maana njia iliyonipa sekunde hizo saba ni kinyume cha ile ninayoshauriwa kila siku humu Bukavu.

Pikipiki ni ya 125, ya kabureta, chombo kinachochanganya esanse (petroli) na hewa. Ilikuwa ikikohoa mlimani, inatoa moshi mweusi, inakula esanse. Ushauri wa kila mtu ulikuwa mmoja: "Panua jikleri, motere inywe." Jikleri ni kile kipande chenye tundu ndani ya kabureta kinachopitisha esanse kwenda kwenye motere, yaani injini. Mimi nikafungua buji kwanza, ile plagi inayowasha moto ndani ya silinda. Nyeusi tii, ina masizi makavu yanayobaki kidoleni kama ya chungu cha kuni. Motere hiyo haina kiu hata kidogo. Imeshiba esanse, inachokosa ni hewa.

Na kweli hewa yetu ni nyepesi. Simu yangu ina kipima mgandamizo wa hewa: chini ya mlima inasoma hektopaskali 850, wakati usawa wa bahari huwa karibu 1013. Tuko mita 1,500 hivi juu, na kila silinda inapovuta inapata hewa pungufu kwa kama 15 kwa mia. Kabureta haijui hilo. Inamimina esanse karibu sawa na ambavyo ingemimina Moanda, kando ya bahari.

Kabla ya kugusa kitu nilitaka kipimo. Mashine ya kupima nguvu sina, lakini mlima ninao. Juu simu inasoma 846, na kwa kimo chetu kila hektopaskali moja ni kama mita 10, basi mlima ni mita 40. Pikipiki, mimi na bidoni mbili za maji zilizojaa tunafika kilo 225. Tulijipima kwenye mizani ya muuza maharage. Zidisha 225 kwa 9.81 (mvuto wa dunia), kisha kwa 40, gawanya kwa sekunde 38: wati 2,323. Hiyo ni nguvu ya kuinua uzito tu, upepo na msuguano wa tairi havimo, ila kulinganisha leo na jana inatosha kabisa. Napanda saa kumi na mbili asubuhi, barabara ikiwa wazi, vitesi (gia) ya tatu, mkono wa mafuta umezungushwa hadi mwisho. Mara tatu, nachukua muda wa katikati. Na nabadilisha kitu kimoja tu kwa siku.

Filta ya hewa ilikuwa imejaa vumbi. Kuisafisha peke yake kulinishusha hadi sekunde 36.

Kisha nikafungua bakuli la kabureta. Jikleri imeandikwa 105, namba ya ukubwa wa tundu, lakini nilipoielekeza juani tundu halikuwa duara: kingo zimekwaruzwa, upande mmoja umeliwa. Kuna fundi aliyewahi kuizibua kwa waya wa breki. Iliniuma sana. Shaba ile ni laini, tundu lake limepimwa kwa sehemu za mia za milimita, na waya mmoja unaharibu kila kitu. Jikleri huzibuliwa kwa upepo wa pampu.

Nilianza na jikleri mpya ya 95. Sekunde 34, buji nyeupe kama chaki, na nikiachia mafuta kwenye mteremko ekzosi inapasua. Niliitoa siku hiyohiyo, kwani esanse ikipungua mno joto linaweza kutoboa pistoni. Nikaweka 98: sekunde 31, wati 2,848. Buji ikatoka na rangi ya chai ya maziwa. Mdogo wangu aliyesimama juu na saa akasema, "Yaya, leo haijakohoa hata mara moja."

Skrubu ya mchanganyiko wa hewa na esanse niliifunga taratibu, nikaifungua mzunguko mmoja na nusu, kisha nikaitafutia mahali pake motere ikiwa imepata moto.

Kwa esanse nilifunga chupa ndogo kwenye usukani, mililita 200, njia ya Kavumu. Zamani ilizima baada ya kilomita 6.4. Sasa inafika 8.2, yaani 41 kwa lita.

Kinachofuata ni valvu. Halafu mdogo wangu anataka kushuka nayo Uvira, ambako ni chini zaidi, hewa ni nzito, na 98 inaweza kuwa ndogo. Nimemnunulia 102 mpya. Iko ndani ya kiberiti, chini ya kiti.