Usharika wa wachache, upande wa Gatchina

Kila nikipiga simu Machame, baada ya shikamoo na habari za mvua na migomba, mama hufika palepale: "Kanisa linajaa?" Wajomba nao huuliza hivyohivyo. Hata fomu za ofisi iliyotutuma zina nafasi za kujaza: waliohudhuria wangapi, waliobatizwa wangapi, waliopata kipaimara wangapi. Ni swali la haki kabisa. Mtu aliyekulia kwenye usharika wenye ibada mbili asubuhi, kwaya tatu, na mnada wa sadaka unaoendelea mpaka jua linapinda, atauliza nini kingine? Leo watoto wamelala mapema, Mchungaji, mume wangu, anaandaa mahubiri, na mimi nina hamu ya kulijibu swali hilo kwa kirefu, nikiwa huku Urusi tulikotumwa.

Jumapili huwa tuko kumi na kitu. Zikija zile familia mbili za mjini, tunavuka ishirini. Zaidi ya nusu ni akina bibi, waliofunga vilemba vya sufi na wanaotembelea fimbo, na wanafika kabla yetu hata theluji ikiwa ya magoti.

Sisi tunaishi Saint Petersburg kwenyewe, ghorofa ya nne ya jengo la enzi ya Khrushchev, kiongozi wa Kisovieti, lisilo na lifti. Jumapili tunashuka na watoto, sare za kwaya begani, tunapanda treni ya umeme stesheni ya Baltiysky kuelekea Gatchina, halafu basi. Desemba tunaondoka gizani, kwa sababu jua linachomoza karibu saa nne asubuhi na saa kumi jioni limekwisha kuzama. Juni ni kinyume chake: usiku hauingii sawasawa, na watoto hawakubali kwamba muda wa kulala umefika. Nimezoea baridi kuliko nilivyotarajia. Giza la Desemba ndilo sijalizoea, na sidhani kama nitalizoea.

Ibada yenyewe mtu wa KKKT, kanisa letu la Kilutheri Tanzania, angeifuata hata asipojua neno la Kirusi. Maungamo, Bwana uturehemu, masomo, imani, mahubiri, Chakula cha Bwana. Masomo ni kwa Kirusi, nyimbo mbili au tatu ni kwa Kifini kwa ajili ya wazee. Na tuni zake! Wamisionari wa Kilutheri wa Leipzig, Ujerumani, walipofika Machame mwaka 1893 walikuja na vitabu vyao vya nyimbo, na babu zetu wakaziimba tuni hizo mpaka zikawa zao. Nazisikia huku, kwenye kijumba cha mbao chenye boila inayonguruma, zikiimbwa taratibu na sauti za wazee, na mkono wangu wenyewe unataka kupiga kofi pale ambapo kwaya ya nyumbani ingepiga.

Lakini kwa nini wako wachache? Hapa ndipo fomu inaponishinda, maana haina nafasi ya kuandika historia.

Eneo hili lote kuzunguka Saint Petersburg huitwa Ingria. Lilikuwa chini ya Sweden katika karne ya 17, na Wafini Walutheri wakahamia na kulima humu kabla Tsar Peter hajaanzisha mji wake mwaka 1703. Walikuwa na makanisa vijijini, shule, hata chuo cha walimu pale Kolpany karibu na Gatchina, kilichofunguliwa mwaka 1863. Yote hayo yalifutwa na utawala wa Kisovieti ndani ya muda mfupi. Kuanzia mwisho wa miaka ya 1920 wakulima walihamishwa kwa nguvu, wachungaji wakakamatwa, na kufikia mwaka 1938 hapakuwa na kanisa la Kilutheri lililobaki wazi. Kanisa kubwa la Wajerumani pale Nevsky Prospekt, la Mtakatifu Petro, waligeuza bwawa la kuogelea miaka ya 1960. Lilirudishwa, likawekwa wakfu upya mwaka 1997, lakini bwawa lenyewe bado liko chini ya sakafu. Tuliwapeleka watoto kuona. Kitinda mimba wetu akauliza watu walikuwa wanaogelea wakati wa mahubiri? Dada yake akamjibu kwa ukali kwamba hapakuwa na mahubiri. Ndivyo ilivyokuwa.

Katika wale akina bibi yuko mmoja anayekaa benchi la mbele upande wa dirisha. Sitamtaja jina. Alizaliwa miaka michache kabla ya vita. Baba yake alichukuliwa usiku mwaka 1938, yeye akiwa bado mgongoni mwa mama yake. Miaka hiyo Mfini kuwa Mfini tu ilitosha kuwa kosa. Kisha Wajerumani wakaikalia Gatchina, kuanzia Septemba 1941 hadi Januari 1944, na katikati ya miaka hiyo familia yake ikapelekwa Finland kwa meli kupitia Estonia, pamoja na Waingria wengine zaidi ya 60,000. Vita vilipokwisha baina ya Finland na Umoja wa Kisovieti, wengi wao wakakubali kurudi, kwa sababu waliambiwa wanarudi nyumbani. Treni haikusimama nyumbani. Bibi anakumbuka mama yake amesimama kwenye mlango wa behewa, anaziona stesheni anazozijua zinapita, moja baada ya nyingine. Walishushwa mbali, mkoa wa Yaroslavl, kwenye shamba la ushirika la watu wasiowajua. Waliruhusiwa kurejea huku miaka ya 1950 ikiwa katikati, wakakuta watu wengine wanaishi katika nyumba yao.

Kitabu cha nyimbo cha mama yake kilisafiri safari yote hiyo kikiwa kimeshonewa ndani ya mto wa kulalia. Anakuja nacho kanisani hadi leo. Hakifungui, nyimbo zote anazijua.

Ni yeye aliyetufundisha habari ya orodha. Mchungaji alipoanza kazi alitaka kuandika majina ya washarika, anwani, tarehe za ubatizo, kama inavyofanyika kila mahali, ili awatembelee vizuri. Wengine waliandika. Bibi akaishika karatasi, akaitazama, akairudisha mezani. "Baba Mchungaji," akasema, "baba yangu alikuwa kwenye orodha." Hakuongeza kitu. Majibu ya kweli juu ya baba yao familia ilipewa baada ya nusu karne, kwenye cheti kimoja tu. Pale Levashovo, kaskazini mwa mji, kuna msitu wenye makaburi ya halaiki ya watu waliouawa miaka hiyo, na jamaa wamefunga picha na vipande vya vitambaa kwenye miti. Bibi huenda huko kila kiangazi, ingawa hakuna anayejua kama baba yake yuko humo.

Tangu siku ile nikijaza ile fomu ya ofisini huwa nasita. Huku kuna watu ambao kuhesabiwa kwao kulikuja na lori usiku. Nadhani waliotutuma wangelielewa hilo kama wangekaa benchi la mbele Jumapili moja.

Jambo jingine ambalo ningependa akina mama wa nyumbani walijue: katika miaka ile ya ukimya, kanisa hili lilibebwa na wanawake. Wachungaji walikuwa wamekufa au wako kambini. Wanawake wawili, Maria Kajava na Katri Kukkonen, walitoka kwenye kambi za kazi ngumu wakaendelea kuzunguka kutoka nyumba hadi nyumba, wakibatiza watoto, wakizika wafu, wakisoma Neno jikoni mapazia yakiwa yameshushwa. Ni kundi lao lililokuja kupata kibali Petrozavodsk mwaka 1970, usharika wa kwanza wa Waingria kuruhusiwa tena. Mimi ni mke wa mchungaji, natengeneza chai na kufundisha watoto Shule ya Jumapili, na nikiwasoma wale wawili siwezi kuidharau kazi ya jikoni. Jikoni ndimo kanisa hili lilimokaa.

Basi miaka ya 1990 si ndiyo wangejaa? Milango ilifunguliwa, kweli. Lakini mwezi Aprili 1990 Rais Mauno Koivisto wa Finland alitangaza kwamba Waingria wanaweza kuhamia Finland kama watu wanaorejea kwao, na wakaondoka zaidi ya 30,000. Waliokuwa na umri wa kuzaa ndio walioondoka. Siwalaumu hata kidogo. Mtu ambaye treni ilimpitisha nyumbani kwao bila kusimama ana haki ya kupanda treni nyingine. Waliobaki ni wazee, na Warusi walioolewa au waliooa humo, na mmoja mmoja aliyeingia kwa sababu alisikia nyimbo akipita nje. Watoto wa Bibi wote wako Helsinki. Zamani walikuja kwa treni ya Allegro, safari ya muda wa saa tatu na nusu tu. Ilisimama Machi 2022, na mwisho wa mwaka 2023 Finland ikafunga mpaka wake wote wa nchi kavu na Urusi. Sasa ni simu.

Juu ya vita vya Ukraine nitaandika kidogo. Kila Jumapili tunaombea amani kwa maneno machache, na katika maneno hayo machache kila mtu anaweka jina lake. Kuna mama ambaye mwanawe amekwenda. Kuna kijana wa kinanda ambaye hayupo tena mjini, na hatuulizi aliko. Kadi za benki za kigeni hazifanyi kazi tangu ule mwaka wa kwanza, kwa hiyo posho yetu huja kwa njia ndefu na huchelewa. Tumekwishajifunza kula nafaka yao ya kahawia, grechka, kwa maharage, na watoto wanauita makande.

Sheria nayo ina mipaka yake. Tangu Julai 2016 mtu haruhusiwi kuhubiri popote anapotaka. Kazi ya kueneza dini inafanyika kwenye majengo na viwanja vya kanisa, na anayeifanya lazima awe na barua ya taasisi iliyosajiliwa. Mgeni akikiuka anaweza kutozwa rubo 30,000 hadi 50,000 na kufukuzwa nchini. Kumpelekea mgonjwa sakramenti nyumbani kwake kunaruhusiwa. Kusimama stesheni na kugawa vipeperushi, hapana. Mkutano wa injili uwanjani, wenye vipaza sauti na umati, kama tulivyozoea nyumbani, huku haupo. Mchungaji mwanzoni alihisi amefungwa mikono. Siku hizi huwatembelea watu, huwasikiliza, hurudi tena wiki inayofuata. Namwona amekuwa mchungaji bora kuliko alipokuwa na kipaza sauti, na nimemwambia hivyo.

Watoto wana maisha yao. Wanasoma shule ya serikali, Kirusi chao kimenipita mbali, na kila tarehe 1 Septemba wanakwenda na maua ya mwalimu kama watoto wote wa nchi hii. Macho ya watu kwenye basi yapo, na maneno yasiyopendeza yamewahi kusemwa. Mkubwa wetu alirudi siku moja amenyamaza, tukakaa naye mpaka akasema. Lakini pia hakuna mtoto anayevuka barabara hapa bila kofia halafu asikemewe na bibi asiyemjua, na kukemewa huko ni upendo, mimi naujua, umejaa Machame pia. Kiangazi kimoja tuliwapeleka Suida, si mbali na Gatchina, mahali alipoishi uzeeni Abram Gannibal, Mwafrika aliyeletwa mtoto kwa Tsar Peter akawa jenerali, na mjukuu wa mwanawe akawa mshairi Pushkin. Alifia hapo mwaka 1781. Mkubwa wetu alisoma kibao chote kwa sauti, kisha akakisoma tena.

Na mara moja, ndani ya treni ya Gatchina, kijana wa Kirusi alisimama akampisha Mchungaji kiti na kumwambia, "Shikamoo, mzee." Anasoma Chuo Kikuu cha Saint Petersburg, ambako Kiswahili kimefundishwa tangu miaka ya 1930, mji ukiitwa Leningrad. Tulizungumza mpaka mwisho wa njia. Ngeli anazijua kuliko watoto wangu.

Wiki mbili zilizopita Bibi alianguka kwenye barafu mbele ya duka, nyonga ikavunjika. Daktari amesema hatarudi kanisani majira haya ya baridi. Benchi la mbele limekaa tupu, na Jumapili iliyopita wenzake hawakukubali mtu alikalie. Alhamisi tunampelekea Chakula cha Bwana. Jirani yake, mwanamke wa Kiorthodoksi ambaye humpikia supu, ameomba awepo. Bibi amepiga simu mwenyewe kutoa maagizo: watoto waje, ule wimbo wa Kiswahili wauimbe beti zote wasiruke, Mchungaji asisahau kuvua viatu mlangoni, na nikipita dukani nimletee mkate mweusi wa Borodinsky, nusu, usiokatwa.