Mwongozo wa Git nilioandika mara tatu

Mwongozo wetu wa kazini wa Git, programu inayotunza historia ya mabadiliko ya mafaili, ulikuwa na mstari mmoja tu: faili usilotaka Git ilifuatilie, liandike kwenye `.gitignore`. Niliuandika mimi, nikaona umetosha.

Akaja kijana wa mafunzo. Aliweka nenosiri la hifadhidata ya majaribio ndani ya `config.yml`, akaliongeza jina la faili kwenye `.gitignore`, kisha `git add .`, akakomiti (akayahifadhi mabadiliko kwenye historia), akapushi (akayatuma kwenye hazina yetu ya pamoja). Nenosiri likapanda nalo. Tulilibadilisha saa ileile. "Kaka, si nimefuata mwongozo?" Kweli alifuata. Ila `.gitignore` haina nguvu juu ya faili ambalo Git imeshaanza kulifuatilia, na mimi hilo sikuliandika.

Nikaongeza `git update-index --assume-unchanged`, amri inayoiambia Git ichukulie kwamba faili halijabadilika. Hapo ndipo nilipoharibu zaidi. Wiki chache baadaye mtu mwingine alibadilisha faili lilelile, na `git pull` ya kijana, yaani kuvuta mabadiliko ya wenzake, ikagoma: ana mabadiliko yatakayofutwa. Mabadiliko yapi, wakati `git status` inasema hakuna? Asubuhi nzima ilitupotea, hadi `git ls-files -v` ilipotuonyesha herufi h ndogo mbele ya jina la faili, alama ya ile `--assume-unchanged`. Maelezo ya Git yenyewe yanatahadharisha waziwazi juu ya matumizi hayo. Sikuwa nimeyasoma.

Mara ya tatu nilimwomba kijana asome rasimu kwa sauti, nami nikanyamaza. Alikwama nisipotegemea: hakujua kwamba `.gitignore` nayo hukomitiwa, ikawafikia wote. Folda ya kihariri chake cha msimbo alikuwa ameiandika humo, akatuandikia sisi sote!

Basi mwongozo sasa unaanza na swali: `git ls-files`, inayoorodhesha mafaili ambayo Git inayafuatilia, inalitaja faili hilo? Kama hailitaji, amua ni la nani. La mradi mzima huenda `.gitignore`. Lako wewe katika mradi huu tu, `.git/info/exclude`, ambayo haitoki kwenye kompyuta yako. Lako katika kila mradi, kama `.DS_Store` inayoundwa na kompyuta za Mac, huenda kwenye faili linalotajwa na mpangilio wa Git uitwao `core.excludesFile`. Ukichanganyikiwa, `git check-ignore -v` inakuonyesha mstari unaolizuia.

Kama inalitaja, hakuna njia ya mkato. Tuliliondoa kwenye ufuatiliaji wa Git kwa `git rm --cached`, ambayo hailifuti kwenye kompyuta yako, tukaliandika kwenye `.gitignore`, tukaweka `config.yml.mfano` ambayo kila mmoja anainakili. Nilichosahau ni kwamba wenzako wakivuta komiti hiyo, faili hufutika kwenye kompyuta zao. Tahadhari hiyo aliiandika kijana, kwa herufi nzito.