Mgahawa wetu ulipouzwa Santa Luzia: nilivyolinda miaka yangu ya kazi

Santa Luzia ni kijiji cha wavuvi kusini mwa Ureno, jirani na mji wa Tavira, na Wareno wenyewe hukiita mji mkuu wa pweza. Barabara ya mbele ya maji ni migahawa mitupu, na pweza utamkuta wa kuoka kwa mafuta ya zeituni na vitunguu saumu, wa kukaanga, wa saladi, wa wali. Mimi ni mtu wa Tanga, nimekua nikiona pweza akisakwa miambani maji yakishapwa. Hapa wanamtega kwa vyungu. Vinafungwa kwenye kamba ndefu na kuzamishwa, pweza anaingia akidhani kapata nyumba. Vya udongo vimebaki vichache, vingi siku hizi ni vya plastiki.

Nimepika hapo muda wa kutosha kuona milango mingi ikibadilika. Baa ya wazee, ya kahawa, karata na mpira kwenye televisheni, sasa inauza mvinyo kwa glasi na meza unaweka oda mapema. Mgahawa wa chakula cha mchana cha bei moja, supu na samaki na kahawa ndani yake, umegeuka mahali pa mkate na parachichi. Ng'ambo, kwenye ufukwe wa Barril, mambo yalianza zamani zaidi: nyumba walimokaa wavuvi wa jodari, kabla uvuvi huo haujafa miaka ya 1960, leo ni migahawa na baa, na nanga zao zimepangwa mchangani watalii wapige picha. Kuhusu majengo sina ugomvi, bora yanatumika. Roho yangu iko kwa watu wa jikoni, ambao mlango ukibadilishwa jina hakuna anayeuliza wameenda wapi.

Zamu yetu ikafika. Mwenye mgahawa alikuwa amezeeka, akauza kwa njia wanayoiita trespasse, yaani biashara nzima: jina, jiko, vyombo, wateja na haki ya pango. Msimu wa joto ulipokwisha, wamiliki wapya wakatuletea kila mmoja mkataba mpya. Mshahara ni uleule, kazi ni ileile, na wenzangu wakashika kalamu. Mimi macho yangu yalikwenda kwenye tarehe ya kuanza kazi. Ilikuwa ya mwezi ule ule, kana kwamba sijawahi kuosha hata sahani moja mle ndani.

Tarehe hiyo si jambo dogo. Mkataba mpya unaweza kukurudisha kwenye kipindi cha majaribio, ambacho kwa wafanyakazi wengi wa Ureno ni siku 90, na ndani yake mwajiri anaweza kukuachisha bila kutoa sababu wala fidia. Hesabu kuanzia Oktoba: unaangukia Januari, wakati nusu ya barabara yetu imefunga na hakuna pa kubisha hodi. Na miaka ya nyuma, ambayo ndiyo msingi wa fidia ukipunguzwa, inaachwa nje.

Mama mpishi mkuu, Mreno wa kijiji hicho hicho, aliniambia kwa sauti ya chini, "Binti yangu, usisaini kitu leo. Sema utakisoma nyumbani." Nikasema hivyo, na hakuna aliyekasirika.

Siku ya mapumziko nikapanda treni hadi Faro, kwenye ofisi ya ukaguzi wa kazi inayoitwa ACT. Maelezo ni bure. Nikaonyeshwa kifungu cha 285 cha sheria ya kazi: biashara ikihamia kwa mmiliki mwingine, mikataba ya wafanyakazi inahama nayo, pamoja na mshahara na miaka waliyokwisha kutumikia. Madeni ambayo mwajiri wa zamani hakuyalipa, yeye pia anaendelea kuyajibia kwa miaka 2. Lakini kama kilichopangishwa ni kuta tupu na biashara yenyewe imekufa, kifungu hicho hakikusaidii. Kwetu jina lilibaki juu ya mlango, na jiko lilikuwa lile lile.

Ushahidi nilikuwa nao. Hati za mshahara nazitunza zote, na kwenye tovuti ya Segurança Social, yaani hifadhi ya jamii ya Ureno, niliingia kwa nywila yangu nikachapa orodha ya michango iliyotangazwa kwa jina langu, mwezi kwa mwezi. Nikaandika barua fupi: kazi naipenda, nabaki, na mkataba ninao tayari. Nikaituma posta kwa rejista, yenye kadi ya kuthibitisha kwamba imepokelewa.

Mmiliki mpya akampa mhasibu wake. Jibu likarudi baada ya siku chache, bila makelele: mkataba wa zamani unaendelea, kwangu na kwa wenzangu ambao kalamu zao niliwaomba waziweke chini. Naamini hakukusudia ubaya. Hakuna aliyekuwa amemweleza. Hati yangu ya mshahara wa Januari iliandikwa tarehe ya kuanza kazi ileile ya miaka yote.

Menyu imebadilika, nusu ya vyakula nimejifunza upya, wali wa pweza umebaki. Mgahawa wa jirani nao umetundika tangazo la kuuzwa, na wahudumu wake wawili wameniomba niwaonyeshe namna ya kuitoa ile orodha ya michango. Tumepanga Jumatatu, siku yao ya mapumziko.